Jina Moja, Wadudu Wengi: Kumtambua Neoperla wa Mito Yetu



Geuza jiwe katika kijito cha maji ya kasi, Uluguru au Usambara, utamwona mdudu bapa wa kahawia akikimbilia gizani. Huenda ni tunutu wa nzi-mawe. Wengi humtambua kwa mikia yake miwili, lakini nawasihi wanafunzi wasianzie mkiani. Efemeroptera, majirani zake chini ya jiwe hilohilo, kwa kawaida wana mitatu. Hata hivyo wapo wenye miwili, na mikia hukatika wavuni. Tazama mguu: nzi-mawe ana kucha mbili, jirani yake moja. Kisha tazama matamvua. Ya nzi-mawe huyu ni vishungi kwenye mashina ya miguu. Ya jirani yake yamepangwa ubavuni mwa tumbo.

Hapo umefika kwenye familia, Perlidae, na kwa kupima afya ya mto inatosha. Mfumo wa SASS5 wa Afrika Kusini huipa alama 12, na alama ya juu kabisa ni 15, kwa kuwa wadudu hawa hawavumilii maji machafu.

Tabu huanza tunapotaka spishi. Jenasi tunayokutana nayo huku ni Neoperla. Mtaalamu wa wadudu Newman alieleza spishi iitwayo spio mwaka 1839, na waliofuata wakaongeza majina, mengi yakitegemea rangi. Mwaka 1952 Hynes aliona rangi hizo zinabadilikabadilika mno, akawaunganisha wote chini ya jina Neoperla spio. Kuhusu rangi alikuwa sahihi. Lakini jina hilo likageuka kapu la kila Neoperla wa Afrika, mpaka Zwick alipochapisha, mwaka 1976, uchunguzi wa wadudu walioibuka katika kijito kimoja cha mlimani Afrika ya Kati. Maji yaleyale yalikuwa na spishi zaidi ya moja.

Tofauti zimejificha tumboni. Uume wa dume umekunjwa ndani kama soksi iliyopinduliwa. Ncha ya tumbo hulowekwa katika potasi mpaka nyama ilainike, kisha kifuko cha uume huvutwa nje polepole chini ya hadubini. Miiba iliyokipamba, ukubwa wake na ilipoota, ndiyo inayosema huyu ni nani. Kwa jike tunasoma yai: umbo lake na nakshi za ganda. Tunutu hana lolote kati ya hayo, kwa hiyo afugwe mpaka aote mabawa, na gamba alilovua lihifadhiwe katika chupa moja naye.

Mtu ataniuliza, ya nini taabu yote hii? Spishi iliyoenea bara zima haitoweki kijito kimoja kikikauka. Spishi ya mlima mmoja yaweza kutoweka, nasi tukaendelea kuandika kwamba spio yupo, tena kwa wingi. Hilo linanikosesha raha kila nisomapo ripoti ya mto yenye jina hilo huku aliyekusanywa ni tunutu mtupu.

Basi ombi langu kwa mnaopima mito: mkimpata tunutu, andikeni Neoperla mkomee hapo. Usiku tegeni taa kando ya maji, mkusanye madume na majike, muwatie kwenye spiriti, na ndani ya kila chupa muweke karatasi iliyoandikwa kwa penseli jina la kijito, mwinuko na tarehe.