Samadi Isiyozolewa: Seli za Mwili na Ugonjwa wa Lupasi

Mazungumzo kwa baraza la wananchi, Kitengela



Katika boma la mfugaji wa Kajiado, samadi huzolewa. Ikifika shambani ni mbolea; ikiachwa bomani huleta nzi na maradhi. Seli za mwili nazo huzoa sehemu zao zilizochakaa, huzimeng'enya na kuzitumia upya. Kazi hii huitwa otofaji. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi inavyoendeshwa.

Kwa mgonjwa wa lupasi, usafi huu huvurugika. Mabaki ya seli zilizokufa hayaondolewi ipasavyo, na kinga ya mwili huyachukulia kama adui. Kisha hushambulia ngozi, viungo, hata figo za mwenyewe. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa.

Dalili ni uchovu usioisha, homa, maumivu ya viungo, vidonda mdomoni, nywele kukatika na vipele mashavuni vinavyozidi juani. Kwa wafugaji, homa na maumivu ya viungo humfanya mtu afikirie malaria, au bruselosi inayotokana na maziwa mabichi. Ni vyema kupima hayo. Lakini dalili zikirudi baada ya matibabu, mgonjwa amwulize daktari kuhusu lupasi, apimwe damu na mkojo. Figo huweza kuharibika bila maumivu yoyote; mkojo wenye povu na miguu kuvimba si mambo ya kungojea.

Dawa inayotumika sana ni haidroksiklorokwini. Wazee wanaikumbuka ndugu yake, klorokwini, iliyotibu malaria nchini hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Dawa hii huingia katika vifuko vya kumeng'enyea vya seli na kupunguza asidi yake. Umeng'enyaji hupungua, na kinga hupoa.

Mtu atauliza: usafi umevurugika, kwa nini kuupunguza kusaidie? Huenda ni kwa sababu kazi hiyohiyo ya otofaji huzisaidia seli za kinga zinazoshambulia mwili ziendelee kuishi. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa atupe vidonge, afunge kula au anywe mitishamba "kusafisha seli", anamhatarisha.

Vidonge hivi huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kuleta nafuu, na wengi hukata tamaa mapema. Mgonjwa asiviache bila ushauri wa daktari, hata akiwa mjamzito. Apimwe macho mara kwa mara, maana matumizi ya miaka mingi yanaweza kuyadhuru.

Mwenye dalili hizi aanzie zahanati iliyo karibu, aombe kuelekezwa hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa, na abebe majibu yote ya vipimo vya awali.