Nyumba Yenye Hewa, Mtoto Mwenye Afya

Leo tunaingia ndani ya nyumba yako, tuone jinsi ya kuipanga iwe na ubaridi na hewa safi, bila gharama kubwa na bila kumaliza miti yetu.

Hapa Garissa jua ni kali karibu mwaka mzima, na wengi wetu tunaishi chini ya mabati. Bati hushika joto na kulishusha kwa mtoto aliyelala. Nyanya zetu walijua la kufanya. Herio, ile nyumba ya wafugaji, hujengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka. Mkeka haupati moto kama bati, na hewa hupenya. Basi funga mikeka chini ya paa la chumba cha kulala, ukiacha nafasi kati yake na mabati. Usifanye hivyo mahali pa kupikia, maana cheche moja yatosha kuunguza nyumba. Weka madirisha mawili yanayotazamana, yenye wavu wa kuzuia mbu. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga, panda mwarobaini.

Sasa tuje kwa moshi. Mama, ukipika ndani mtoto akiwa mgongoni, anavuta moshi uleule unaokutoa machozi. Mapafu yake bado ni madogo, na anapumua haraka kuliko wewe. Moshi huo humfanya apate nimonia kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka 5.

Pika nje kivulini, au jikoni palipotengwa na chumba cha kulala. Tumia kuni zilizokauka vizuri. Ukikata kuni, kata mathenge, mti wa kigeni uliotapakaa kwetu, uiache migunga iendelee kutupa kivuli. Kama unatumia makaa, jiko lenye udongo ndani hutunza joto, na makaa hutumika kidogo.

Kuna uunsi pia. Mama aliyejifungua hukaa ndani siku 40, na desturi ni kufukiza nyumba. Hatusemi desturi iachwe. Lakini moshi wa dabqaad nao ni moshi. Mtoto akae kwanza na nyanya yake chumba kingine. Fukiza, fungua madirisha, na moshi ukishatoka ndipo umrudishe.

Tena, usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata kama halitoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hufa usingizini.

Mtoto akiwa na kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Ni nyingi mno zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya, mpeleke zahanati au hospitali mara moja. Usingoje kesho.

Mama, huenda usiweze kufanya yote haya kwa siku moja. Anza na moja leo jioni: toa jiko nje kabla ya kuwasha moto. Mtoto wako hawezi kusema kwamba moshi unamuumiza. Wewe ndiwe wa kumsemea.