Kizibo Kidogo, Hasara Kubwa



Leo tunazungumzia kifaa ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona: kizibo cha bloku ya injini. Ni kikombe kidogo cha chuma au shaba, kilichokazwa kwenye tundu ubavuni mwa bloku.

Bloku huundwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa ndani ya kalibu yenye maumbo ya mchanga, ili njia za maji zipatikane. Mchanga huo hutolewa kupitia matundu, kisha matundu huzibwa. Katika nchi za baridi vizibo hivi hupewa jina la barafu, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9 na huweza kukisukuma kizibo nje. Hata hivyo, hiyo siyo kazi yake, wala si kinga ya bloku isipasuke.

Kwetu sisi adui si barafu, bali kutu. Anayejaza rejeta kwa maji matupu, hasa ya visima vya pwani vyenye chumvi, hukilisha kizibo kutu kutoka ndani. Kwa nje huonekana kizima hadi siku kitakapotoboka.

Dalili zake ni hizi: maji kupungua mara kwa mara, michirizi ya kutu ubavuni mwa bloku, matone chini ya gari, na geji ya joto kupanda. Uonapo geji imepanda, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kabla injini haijapoa. Ukiendelea na safari, silinda hedi yaweza kupinda na gasketi kuungua.

Kizibo chenyewe ni cha bei nafuu. Gharama hutegemea mahali kilipo. Kilicho wazi hubadilishwa upesi. Kilichofichwa nyuma ya gia boksi hudai gia boksi ishushwe, na hapo ndipo malipo ya ufundi hupanda. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kazi, mwombe fundi akuonyeshe kinachovuja, kisha akuandikie makadirio. Usikubali kununuliwa injini nyingine kabla chanzo cha uvujaji hakijathibitishwa.

Kazi iliyo sahihi huanza kwa kumwaga maji injini ikiwa imepoa. Kizibo cha zamani hugongwa ukingoni kigeuke, kisha huvutwa kwa koleo. Tundu husafishwa kutu yote, na kizibo kipya cha kipimo kilekile hupakwa gundi ya kuzuia uvujaji na kugongwa kiingie bila kwenda upande. Gundi iliyopakwa juu ya kizibo kilichooza ni kiraka tu. Kimoja kikioza, vingine vimekunywa maji yaleyale. Ni busara kubadilisha vyote vinavyofikika kwa pamoja.

Mwisho, jazeni kulanti inayopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Ikiwa ni ya kuchanganywa, tumieni maji yaliyotoneshwa. Daini stakabadhi, vizibo vya zamani mkabidhiwe, na maelezo ya dhamana yaandikwe. Bila maandishi, malalamiko yenu ni magumu kwetu kuyashughulikia.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunawaombeni mfungue boneti kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, mkatazame.