Utumbo wa mtoto tumboni: ekografi inaona nini?

KIPINDI CHA AFYA YA MAMA NA MTOTO

MTANGAZAJI: Leo tuko na mkunga anayefanya kazi Kinama, Bujumbura. Sogezeni redio karibu, na baba naye asikilize. Karibu, mama mkunga.

MKUNGA: Asante. Nawasalimu akina mama wajawazito, akina baba, na akina bibi mnaopokea wajukuu. Nawasalimu pia mliotoka kwetu Kinama mkafika Nyarugusu na Nduta. Hapa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Kamenge, tunaishi Warundi tuliowahi kukimbia tukarudi, pamoja na ndugu zetu kutoka Kongo. Mama akishapigwa ekografi, ambayo Tanzania wanaiita utrasaundi, mara nyingi huuliza: "Wamesema mtoto ni mzima. Basi nimemaliza?"

Ekografi ni kipimo kizuri. Inatumia sauti tusiyoisikia, haina mionzi, haimuumizi mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apate angalau moja kabla ya wiki ya 24. Lakini kuna mambo haiyaoni vizuri, na moja ni namna utumbo wa mtoto ulivyojipanga.

Sikilizeni. Mimba ikiwa na wiki kama 6, utumbo wa mtoto hukua haraka kuliko tumbo lake. Hutoka kidogo na kuingia kwenye kitovu. Huko huzunguka, kisha kati ya wiki ya 10 na ya 12 hurudi tumboni na kushikwa mahali pake. Mzunguko wote ni kama robo tatu ya duara. Kwa watoto wachache mzunguko huo haukamiliki. Utumbo unabaki umeshikwa mahali padogo, na siku moja unaweza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Hapo damu haipiti.

Mama, hukusababisha wewe. Hakuna uliyemkosea, hakuna chakula ulichokula, wala si uchawi wa jirani. Baba, usimlaumu mkeo.

Mtaalamu wa ekografi kwa kawaida haoni kosa lenyewe. Anaweza kuona dalili: mfuko wa chakula wa mtoto uko kulia badala ya kushoto, utumbo umevimba, au maji yanayomzunguka mtoto yamezidi. Dalili hizi zinaweza kuwa na sababu nyingine, na baadhi hutokea miezi ya mwisho tu. Ukiambiwa mojawapo, uliza maswali matatu: Nirudi lini kupimwa tena? Nijifungulie wapi? Rufaa yangu itaandikwa lini? Uliza mapema, uchungu usikukute bado mnatafuta gari.

Karatasi ya ekografi iweke pamoja na kadi ya kliniki, ndani ya mfuko wa plastiki. Sisi tuliokimbia tunajua jinsi karatasi zinavyopotea. Mkihamishwa, iwe kati ya vitu vya kwanza kubeba.

MTANGAZAJI: Na kama ekografi haikuonyesha kitu?

MKUNGA: Basi macho yako ndiyo kipimo kinachofuata. Wengi wa watoto wenye tatizo hili huonyesha dalili katika mwezi wa kwanza. Mtoto kucheua maziwa meupe ni kawaida. Lakini mtoto mchanga akitapika kijani, rangi kama ya sombe, hiyo ni hatari, hata akitapika mara moja tu. Msidanganyike: mwanzoni tumbo linaweza kuwa laini, na mtoto akapata choo. Damu kwenye choo au tumbo kuvimba huja baadaye, na saa chache zinatosha utumbo kufa.

Usingoje asubuhi. Usimpe dawa ya mizizi wala maji. Mweke kifuani apate joto, nenda kituo cha afya, na useme wazi: "Mtoto wangu ametapika kijani." Chukua kitambaa alichotapikia, mhudumu akione. Wanaweza kusimamisha kunyonya kwa muda, kumwekea serumu na mpira wa puani, kisha kumpeleka kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji.

Upasuaji upo, na si jambo jipya. Daktari William Ladd wa Boston, Marekani, aliueleza mwaka 1936, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Daktari anafungua msokoto na kuupanga utumbo usijisokote tena. Mtoto anayefikishwa mapema kwa kawaida anapona, ananyonya, anakua.

MTANGAZAJI: Neno la mwisho?

MKUNGA: Mwambieni jirani ambaye hana redio: ekografi nenda, karatasi tunza, na mtoto mchanga akitapika kijani, ondoka saa hiyo hiyo.