Hong Kong kwa Mshahara wa Karani



Babu zetu wapagazi, watokapo Unyanyembe na pembe mabegani hata Bagamoyo, walikaa kambi kwa kambi, kila kambi chungu chake kimoja. Nami likizoni, nilipofika Hong Kong, nalifuata desturi hiyo. Nalilala Chungking Mansions, jumba la ghorofa 17 lililojengwa 1961, chumba chembamba kama sanduku. Ngazini nikasikia Kiswahili! Mfanyabiashara wa simu kutoka kwetu akanialika, tukala sahani moja. Bandari naliivuka kwa Star Ferry, daraja ya chini. Kisha tramu, iendayo tangu 1904, mwendo mrefu au mfupi nauli ile ile.

Mwenzangu ofisini aliniuliza, hukuona haya? Naliiona siku moja tu: nalikunywa kahawa hotelini, ikala nauli zangu za siku tatu.