Watoto Wetu wa Vituko
(Hotuba ya Katibu wa Kwaya)



Katika Jubilii hii tumeombwa kusema machache kuhusu malezi. Tumechagua watoto ambao kila mmoja hapa anawajua: wale ambao biskuti ikivunjika ni matanga, na wakinunuliwa viatu vipya mtaa mzima lazima upate habari.

Tunaye mmoja wa miaka 4 katika mazoezi ya Jumamosi. Mwalimu akisimamisha wimbo ili kusahihisha sauti ya tatu, yeye hujitupa sakafuni akilia, "Mmeua wimbo!" Watu hucheka. Mamake hacheki. Mwaka huu alikaa nje ya kwaya majuma kadhaa kwa aibu, kwa kuwa wapo waliomwambia kwamba mtoto amemshinda, na wengine kwamba kiboko kimoja tu kingetosha.

Sisi tulio walimu tunajua kwamba hisia za mtoto wa umri huo ni kubwa kuliko maneno aliyo nayo. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kwa hiyo tumkopeshe maneno: "Umekasirika kwa sababu wimbo umekatizwa." Kisha tungoje. Katikati ya kilio hasikii mahubiri. Akitulia, aambiwe mpaka uko wapi: kulia ni ruhusa, kumrushia mtu kitabu cha nyimbo hapana.

Jambo moja tunalisisitiza. Tusimtolee simu tumrekodi akilia ili tuweke WhatsApp, wala tusimwite mwigizaji. Tukizoea kusema "huyo ni maigizo tu," siku atakayokuja kutuambia tumbo linamuuma kweli, au kwamba kuna mtu mzima anayemtendea vibaya, nani atamsikiliza? Naye akishajua kwamba haaminiwi, hataleta habari tena.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sisi tunampigia makofi mtoto anayekariri shairi kwa mikono na macho kwenye tamasha la muziki la shule, halafu tukifika nyumbani tunamwambia yuyo huyo aache kelele. Ni kipaji kilekile! Kinahitaji kipimo, kama sisi tunavyofundishwa pa kuimba kwa nguvu na pa kuimba taratibu. Binti yetu huyu sasa ndiye anayegawa karatasi za nyimbo, na mwalimu humwita mbele aonyeshe kwa mikono sauti ipande au ishuke. Bado hulia, lakini siku hizi huuliza kwanza, "Mtarudia?"

Katika Mathayo 21, waliokasirishwa na sauti za watoto hekaluni walikuwa wakuu wa makuhani na waandishi. (Neno "waandishi" hutukosesha raha kidogo sisi wa ofisi ya katibu.) Yesu hakuwanyamazisha watoto wale.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hivi: benchi la karibu na mlango wa pembeni ni la wanakwaya wenye watoto wadogo. Mzazi atoke na mtoto wake, amtulize, arudi, na asigeuziwe macho. Nafasi yake katika sauti yake hapewi mtu mwingine. Mazoezi yanaendelea Jumamosi saa nane mchana. Njooni nao.