Habari za Uchunguzi kuhusu Vifo Vitokanavyo na Uzazi: Tufanyeje Mlango wa Kamati ya Mapitio Unapofungwa?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waandishi wa habari za afya

1. Utangulizi

Yale ambayo kila mmoja wetu anayajua nitayapita haraka, tupate muda wa kukaa kwenye moja linalotusumbua. Nitakayosema ni maoni yangu, si msimamo wa chombo ninachokifanyia kazi.

2. Maana na hali ilivyo

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kifo kitokanacho na uzazi ni cha mwanamke anayefariki akiwa mjamzito, au ndani ya siku 42 tangu mimba kumalizika, kwa sababu iliyotokana na ujauzito au kuchochewa nao. Ajali haihesabiwi. Sababu kubwa mnazifahamu: kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu pingamizi na utoaji mimba usio salama. Mnafahamu pia machelewesho matatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kuhudumiwa baada ya kufika.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hatua hii inastahili pongezi. Kwetu waandishi ina maana moja zaidi: zamani habari ilikuwa kwenye barabara mbovu na kwa mkunga wa jadi, leo, kwa sehemu kubwa, iko leba, na leba hatuingii.

3. Tatizo lenyewe

Kifo kikitokea kituoni, taarifa hutakiwa kutolewa ndani ya saa 24, kisha kamati ya mapitio ya vifo hukaa na faili. Kamati ina kanuni yake: hakuna kutaja jina, hakuna kumlaumu mtu. Kanuni hii naitetea. Muuguzi aliyekuwa peke yake zamu ya usiku hatasema ukweli akijua maneno yake yatamfukuzisha kazi. Tukiivunja, tutaishia kusoma patografu, yaani chati za maendeleo ya uchungu, zilizojazwa mama akiwa ameshafariki.

Kinachonikera ni jinsi kanuni hiyo inavyotumika mlangoni. Unauliza kama benki ya damu ilikuwa na akiba wiki ile. Unajibiwa ni siri ya mgonjwa. Unauliza kama jokofu la oksitosini, dawa ya kuzuia kutokwa damu inayotakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, lilikuwa linafanya kazi. Siri ya mgonjwa. Unauliza kamati ilipendekeza nini na nani alikabidhiwa utekelezaji. Mapitio bado yanaendelea. Mganga Mkuu wa Wilaya anakuelekeza kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi anataka kibali cha mkoa, mkoa unauliza kama wilaya imeridhia. Njia hiyo nimeizunguka kwa miaka. Jokofu si mgonjwa, Ndugu Mwenyekiti.

Matokeo yake mnayaona magazetini. Mwandishi aliyekosa taarifa huandika alichonacho: kilio cha ndugu na tuhuma ya uzembe. Kesho yake uongozi unakanusha, keshokutwa muuguzi mmoja anasimamishwa, na upungufu wa damu unabaki palepale. Usiri uliowekwa kumlinda muuguzi ndio unaomwacha alaumiwe peke yake.

Nchi nyingine zimeweza kutunza siri na kusema ukweli kwa pamoja. Uingereza imekuwa ikifanya mapitio ya siri na kuchapisha matokeo tangu miaka ya 1950. Afrika Kusini nayo huchapisha. Kenya ilitoa ripoti ya vifo vya mwaka 2014 iliyoonyesha kuwa kwa takribani akina mama 9 kati ya 10 waliochunguzwa, huduma ilikuwa chini ya kiwango. Jina la mama halimo, la muuguzi halimo, lakini kasoro zimo. Nchini Marekani, vyombo vya habari vya ProPublica na NPR viliziendea familia zenyewe mwaka 2017. Desemba 2018 ikapitishwa sheria ya kuimarisha kamati za mapitio za majimbo.

Nasi tunaweza kuanza bila faili. Kwa mama aliyetokwa damu, habari ni saa: alijifungua saa ngapi, damu iligundulika lini, daktari aliitwa lini, gari liliombwa lini kupitia namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa akina mama, damu ilitundikwa lini. Ndugu wanazo nyingi kati ya saa hizo bila kujua. Ziko kwenye simu walizopiga na meseji za pesa walizotuma kutafuta mafuta ya gari.

Wanaosahaulika kabisa ni wanaofia nyumbani. Mama anapata homa wiki ya tatu baada ya kujifungua, watu wanasema malaria, anazikwa. Siku 42 hazijaisha, na kifo chake huenda kisiingie kwenye hesabu yoyote.

4. Mapendekezo

Kwa waandishi:
(i) Tusidai majina wala faili la mgonjwa. Tudai hali ya damu, dawa, jokofu na watumishi wa zamu.
(ii) Tupange habari kwa saa, na kila saa iwe na ushahidi wa pande mbili.
(iii) Maombi yawe ya maandishi, chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotoa siku 30 za kujibiwa. Tukinyimwa, tuombe sababu kwa maandishi.
(iv) Kila kifo cha mwanamke wa umri wa kuzaa, tuulize: alijifungua lini?
(v) Tusiwahoji wafiwa siku ya msiba, wala tusichapishe picha bila ridhaa yao.

Kwa wahariri:
(vi) Habari hizi zipewe muda na nauli. Hazikamiliki kwa siku moja.
(vii) Kichwa cha habari kisimhukumu muuguzi kabla ya uchunguzi.
(viii) Turudi baada ya miezi sita kuuliza kilichotekelezwa.

Kwa mamlaka za afya:
(ix) Muhtasari wa mapendekezo ya kamati, bila majina, uchapishwe kila mwaka kwa kila mkoa, ukionyesha kilichotekelezwa.
(x) Ateuliwe msemaji mmoja mwenye mamlaka ya kujibu, asiyehitaji kibali cha ofisi nyingine.
(xi) Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawezeshwe kuripoti vifo vya nyumbani hadi siku ya 42.
(xii) Siri ya mgonjwa ibaki ya mgonjwa. Hali ya jokofu na benki ya damu iwe taarifa ya umma.

Naomba kuwasilisha.